Kijiti kipo mkononi, mimba ipo tumboni: kisa cha dada wa Tabora na dozi ya TB

Kisa chenyewe kiko hivi. Dada mmoja wa hapa Tabora mjini, miaka ishirini na kitu, watoto wawili, mume wake anahangaika na tumbaku kule Urambo kwahiyo nyumbani anakuja kwa msimu. Alikuwa na kijiti cha uzazi wa mpango, kile cha njiti moja cha miaka mitatu, amewekewa vizuri tu na kilikuwa hakijafika hata nusu ya muda wake. Mwezi wa kumi na moja akagundulika ana TB ya mapafu, akaanzishiwa dozi ya miezi sita, akanywa bila kuruka, na mwezi wa tatu akakutwa na mimba. Mume akasema si yake. Mama mkwe akasema kijiti kilikuwa feki, kesho yake akasema hapana, alishakitoa kisirisiri. Majirani nao wakasema yao. Na yeye mwenyewe utetezi wote aliokuwa nao ni kadi mbili za kliniki, moja ya TB na moja ya uzazi wa mpango, na hakuna hata moja iliyoandikwa habari za mwenzake.

Nimemuomba ruhusa kuandika, kakubali, na nimebadilisha vitu vidogo vidogo ili asijulikane. Mimi ni mfamasia, na nimeamua kuandika kirefu kwa sababu ndoa ya watu ilikuwa inakwenda kuvunjika kwa jambo ambalo kitaalamu linajulikana tangu miaka ya 1970, yaani sio siri, sio utafiti mpya wa jana, liko kwenye vitabu na liko kwenye karatasi ya maelezo inayokuja na dawa, ila kumfikia mwanamke wa Isevya au Ng'ambo, mitaa ya hapahapa Tabora, ndo hakujawahi.

Alikuja dirishani kwangu akiwa na khanga kajifunika hadi puani, akasubiri watu wapungue. "Shikamoo dokta. Hizi dawa za TB zinamdhuru mtoto aliye tumboni?" Nikamuuliza mtoto wa nani, akasema wa kwake, nikamuuliza ana mimba ya muda gani, akaanza kulia. Ndo nikamuomba aingie ndani akae. Swali lake nikalijibu kwanza maana ndilo lililomleta: dozi ya kawaida ya TB, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, mjamzito anakunywa na anatakiwa kuimaliza, hatari kubwa kwake na kwa mtoto ni TB isiyotibiwa. Akashusha pumzi. Alafu akanyoosha mkono wa kushoto akaniambia, "Na hiki je, mbona kipo?"

Nikakishika. Kipo kweli, upande wa ndani wa mkono juu ya kiwiko, chini ya ngozi, kama njiti ya kiberiti iliyo laini, unakisogeza kinasogea.

Sasa hapo mtu yeyote makini lazima aanze kuondoa sababu moja moja, na nikafanya hivo kwa sababu sikutaka kurukia jibu ninalolipenda. Je kijiti kimeisha muda? Hapana, kadi inaonyesha tarehe na bado kulikuwa na zaidi ya mwaka na nusu. Je aliwekewa akiwa tayari mjamzito? Hapana, ni zaidi ya mwaka umepita, angeshazaa. Je kimetoka au kimepotea? Hapana, nimekishika. Je ni feki? Hili ndo watu wengi hukimbilia, lakini angalia ushahidi: mwaka mzima na zaidi hedhi yake ilikuwa imekata kabisa, na hiyo ni moja ya dalili zinazojulikana kwamba homoni inatoka na inafanya kazi, njiti tupu ya plastiki haiwezi kumkatia mtu hedhi. Je anatumia dawa za virusi vya UKIMWI? Kila mgonjwa wa TB hupimwa, naye alipimwa akawa hana. Dawa za kienyeji? Akasema alipewa mizizi na shangazi yake wakati bado wanadhani ni kikohozi cha kawaida, akanywa siku chache akaacha kabla hata ya kuanza dozi. Bahati mbaya tu? Inawezekana, kwa sababu hakuna njia ya uzazi wa mpango yenye uhakika wa asilimia mia, ila kijiti ni katika njia imara kuliko zote, wanawake wanaopata mimba nacho kwa mwaka ni chini ya mmoja kati ya 100, tena chini sana. Bahati mbaya ya namna hiyo kutokea ndani ya miezi ileile anayokunywa rifampisini, mimi siikubali kirahisi.

Alafu akaniambia kitu kimoja bila kujua uzito wake. Akasema wiki tatu hivi baada ya kuanza dozi aliona hedhi, ya kwanza tangu awekewe kijiti, na mwezi uliofuata ikaja tena kwa wakati wake. Alifurahi. Alidhani mwili umeanza kupona, maana TB ilikuwa imemkondesha, akawa anakula vizuri, kilo zinarudi, na hedhi ikarudi, akaona ni afya. Alimwambia hata jirani yake. Pale ndo palikuwa mahali pa kukamata hiki kisa kabla hakijawa kisa, kwa sababu mwanamke mwenye kijiti ambaye hedhi ilikata alafu ikarudi kwa mpangilio mara tu baada ya kuanza dawa mpya, ni ishara kwamba homoni huenda imeshuka na yai limeanza kupevuka tena. Hakuna aliyemuuliza na yeye hakuona sababu ya kusema.

Sasa homoni imeshukaje wakati kijiti hakijaisha? Hapa ndo inabidi tuongelee kimeng'enya kinaitwa CYP3A4, na naomba unisamehe kwa jina la namba namba, ndo jina lake halina lingine. Ni protini iliyoko kwa wingi kwenye ini na kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, na kazi yake ni kuzichukua kemikali ngeni zilizoingia mwilini na kuzichokonoa ili zitoke. Binadamu ana jeni 57, yaani maagizo ya urithi ya kutengenezea protini, za familia ya vimeng'enya hivi, lakini huyu mmoja peke yake anashughulika na sehemu kubwa sana ya dawa tunazokunywa, wengine wanasema karibu nusu. Homoni iliyoko kwenye kijiti cha njiti moja, inaitwa etonogestreli, miligramu 68 zimepakiwa zitoke kidogo kidogo kwa miaka mitatu, nayo inavunjwa na huyuhuyu. Kwahiyo kila siku kuna mambo mawili yanaenda pamoja: kijiti kinatoa, ini linaondoa. Kinachobaki kwenye damu ndo kinachozuia mimba.

Watu wakisikia hivi huniuliza, mmejuaje kwamba ni hicho kimeng'enya na sio kingine, ini lina mamia ya vitu? Swali zuri mno na nalipenda, kwa sababu jibu lake nimewahi kulishika mkononi. Nikiwa masomoni nilifanya kazi kwenye maabara iliyokuwa inatumia CYP3A4 ya binadamu iliyosafishwa. Inakuja kwenye kichupa kidogo cha plastiki, ndani kuna kimiminika kidogo mno, chekundu kinachoelekea kahawia kwa sababu katikati ya hiyo protini kuna madini ya chuma kama ilivyo kwenye damu. Hakuna binadamu aliyetolewa ini ili kuipata. Wanachukua jeni ya binadamu wanaipandikiza kwenye bakteria, wanapunguza kidogo mwanzo wa protini ili bakteria aweze kuitengeneza, wanaibandika mkia wa histidini, alafu wanapitisha mchanganyiko wote kwenye mrija wenye punje za nikeli, mkia unanasa kwenye nikeli, takataka zote zinapita, mwisho wanaing'oa ile iliyonasa. Unapata kimeng'enya kimoja tu, peke yake, bila majirani zake wa kwenye ini. Kinaishi kwenye friza la nyuzi 80 chini ya sifuri na ukikitoa unakiyeyusha kwenye barafu taratibu, hutikisi kwa nguvu, na hukirudishi rudishi kwenye friza maana kila ukikigandisha tena unakipunguza uhai.

Na kuna kipimo cha kujua kama bado kizima. Unakipa elektroni kwa kemikali, unapitisha gesi ya kaboni monoksaidi, ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani, alafu unaangalia kinanyonya mwanga wa urefu gani. Kikiwa kizima kinanyonya kwenye nanomita 450. Ndo maana familia nzima inaitwa P450, jina walilolitoa Wajapani wawili, Tsuneo Omura na Ryo Sato, mwaka 1962. Kikiharibika kile kilele kinahamia 420, na hapo kwa kawaida hakirudi. Mimi niliona kilele cha 450 kikipanda kwenye skrini kwa mara ya kwanza nikakaa kimya, kwa sababu unatambua kwamba kile kidubwana ndicho kinachoamua dozi ya kila mtu unayemjua.

Kitu kimoja kinachowachanganya wanaoanza: ukikiweka peke yake na dawa, hakifanyi kitu. Kipo tu. Kinahitaji mwenzake wa kumpa elektroni, kimeng'enya kingine kinaitwa P450 ridakitesi, na huyo naye anazitoa kwenye kemikali inaitwa NADPH. Unahitaji pia mafuta kidogo ya kukikalisha maana kwenye seli kinaishi kwenye utando, na protini nyingine ndogo inaitwa saitokromu b5 inayokisaidia kwenda vizuri. Unachanganya vyote hivyo, unaweka dawa unayoichunguza, unapasha nyuzi 37, alafu NADPH unaiweka mwisho kabisa, hiyo ndo kama kuwasha moto. Unachota kila baada ya dakika chache, unasimamisha kwa kimiminika cha baridi kinachoua protini, unapeleka kwenye mashine ya kupima. Tyubu yenye NADPH dawa inapungua. Tyubu isiyo na NADPH dawa iko palepale. Tyubu yenye ketokonazoli, dawa ya fangasi inayokiziba hiki kimeng'enya, nayo inabaki karibu palepale. Ukiona hayo matatu pamoja huna tena ubishi ni nani aliyeivunja hiyo dawa. Ndo kazi ya kimeng'enya kilichosafishwa, kinamtoa mshukiwa kwenye kundi.

Lakini sasa sikiliza hapa, maana ndo penye kiini cha kisa cha yule dada. Ukichukua hiyohiyo tyubu safi ukaongeza rifampisini ukitegemea kimeng'enya kiende mbio zaidi, hakiendi. Kasi haipandi hata kidogo. Mtu akiishia hapo atasema rifampisini haina neno na homoni za uzazi, na atakuwa ametumia kifaa kizuri kujibu swali ambalo sio lake. Kwa sababu rifampisini haigusi mwendo wa kimeng'enya, inaongeza idadi yake. Fikiria vibarua wa kushusha mizigo pale stesheni: hajaongezewa kibarua yeyote nguvu, wameletwa vibarua wengine wengi, na behewa lililokuwa linamalizika jioni linamalizika saa nne asubuhi. Ndani ya seli ya ini kuna kipokezi kinaitwa PXR, kiligunduliwa mwaka 1998, rifampisini inakishika, kinakwenda kwenye jeni la CYP3A4 na kuamuru zitengenezwe nyingine. Hiyo kazi inahitaji seli iliyo hai yenye jeni zake, na inahitaji siku, sio dakika. Ndo maana watafiti wa jambo hili hutumia seli za ini la binadamu zilizo hai, wanazilisha rifampisini siku mbili tatu, alafu wanapima kimeng'enya kimefika wapi. Kwa mgonjwa inachukua kama wiki moja hadi mbili kufika kileleni. Dada aliona hedhi wiki ya tatu. Inakubaliana.

Na kwanini nasisitiza "ya binadamu"? Kwa sababu panya wa maabara asingetuonyesha hili. PXR ya panya haiitikii rifampisini ipasavyo, ya binadamu na ya sungura ndo zinaitikia. Aliyetegemea panya peke yake angeambiwa mambo shwari.

Waliogundua kwa watu walikuwa madaktari wa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanawake wenye TB waliokuwa wanakunywa vidonge vya uzazi wa mpango wakaanza kutokwa na damu katikati ya mwezi, na baadhi wakapata mimba. Damu kwanza, mimba baadae. Ukisoma hilo alafu ukamkumbuka dada anavyosimulia hedhi yake kwa furaha, inauma.

Kwa upande wa vijiti ushahidi wa karibu na sisi ni wa Uganda, ingawa dawa ni nyingine, efavirenzi, ile ya virusi iliyokuwa inatumika sana kabla dolutegraviri haijachukua nafasi. Nayo inaongeza vimeng'enya hivi, na inajulikana kuwa na nguvu ndogo kuliko rifampisini. Kwenye matokeo yaliyochapishwa 2016, wanawake 20 wenye kijiti cha njiti mbili waliokuwa wanakunywa efavirenzi walikutwa na homoni karibu nusu ya wenzao wasiokunywa dawa, na watatu kati yao wakawa wajawazito kabla mwaka haujaisha. Watatu kati ya 20, kwa njia ambayo kawaida haifikishi mmoja kati ya 100.

Kuna mtu mmoja, mwenzangu kazini tena, alinibishia kwamba kijiti hakipiti tumboni kwahiyo ini halikioni. Sio kweli. Ni sahihi kwamba hakipiti utumbo mara ya kwanza kama kidonge, lakini homoni ikishaingia kwenye damu, damu inazunguka na kupita kwenye ini tena na tena mchana na usiku, na kila ikipita inamegwa.

Turudi kwa mume. Alikuja mwenyewe baada ya siku chache, mke alimwambia nenda kamsikilize dokta alafu uamue. Kijana mstaarabu, amechoka, hajalala. Akaniambia, "Dokta, mimi nimeshahesabu. Altrasaundi imesema wiki kumi. Nikirudi nyuma wiki kumi mimi nilikuwa Urambo, bado sijapanda gari. Nimekuja mkesha wa Krismasi, nimeondoka wiki ya kwanza ya Januari. Sasa nielezee."

Na hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa, ila alikuwa anahesabu kutoka mahali ambapo hajaambiwa. Wiki za mimba hospitali huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, sio siku mliyokutana. Mwanamke akiambiwa wiki kumi, mtoto mwenyewe ana kama wiki nane tu, kwa sababu yai hupevuka takribani wiki mbili baada ya hedhi kuanza. Nikachukua kalenda ya ukutani ya duka la vipuri, tukahesabu pamoja kwa kalamu. Altrasaundi ilipigwa mwanzoni mwa Machi. Wiki kumi nyuma inaangukia tarehe ishirini na kitu Desemba, na hiyo ndo siku ambayo mke anasema aliona hedhi ya pili, kabla mume hajafika. Ongeza wiki mbili, unaingia siku za kwanza za Januari. Yeye yuko nyumbani. Na hata kipimo chenyewe kwa umri ule kinaweza kukosea siku kadhaa huku na huku. Akaangalia ile kalenda muda mrefu. Akaniuliza, "Kwanini aliyepima hakuniambia hivo?" Sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya ukweli, kwamba kwenye chumba cha altrasaundi foleni ni ndefu na anayepima anaona ni kitu ambacho kila mtu anajua.

Sikumwambia mtoto ni wako. Hilo kalenda haithibitishi na mimi sio mahakama. Nilimwambia kwamba mambo matatu aliyoyachukulia kama ushahidi dhidi ya mke wake, yaani kijiti kufeli, hedhi kurudi na zile wiki kumi, yote matatu yana maelezo ambayo hayamhusishi mwanaume mwingine, na kwamba mke wake ndiye aliyefanya kila alichoambiwa, aliwekewa kijiti akaambiwa hutashika mimba, akapewa vidonge akaambiwa usiruke, na kutokuruka kwenyewe ndiko kulikomletea mimba. Angekuwa mzembe wa dawa huenda kijiti kingeshinda.

Mimi lawama zangu naziweka hapa, na nasema kwa uchungu. Dada alipita mikononi mwa watu wengi wenye mavazi meupe. Kliniki ya TB walimuuliza kikohozi, jasho la usiku, uzito, watu anaoishi nao, wakampima virusi, wakamuonya kwamba mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa asiogope. Vizuri. Hakuna aliyemuuliza unatumia njia gani ya uzazi wa mpango. Mkojo wa rangi ya chungwa hauna madhara yoyote na tunautaja kwa kila mgonjwa, hili lenye kuzaa mtoto hatulitaji. Na sio kwamba mwongozo hauna kitu. Shirika la Afya Duniani limepanga njia kwa madaraja: mwenye kunywa rifampisini vidonge vya uzazi wa mpango viko daraja la 3, yaani kwa kawaida havishauriwi, kijiti kiko daraja la 2, yaani kinaweza kutumika lakini ujue nguvu yake inaweza kupungua, na sindano ya miezi mitatu pamoja na kitanzi cha shaba viko daraja la 1, havina kizuizi. Hiyo 2 ndo inayotuponza. Mtoa huduma akiona 2 anasoma "ruksa" anafunga ukurasa. Kwa maoni yangu ilitakiwa isomwe "ruksa, mpe na kondomu, na umwambie kwanini", na Waingereza wao wanakwenda mbali zaidi, wanashauri mwanamke abadilishe njia kwa kipindi chote cha dawa na siku 28 baada ya kumaliza, kwa sababu vimeng'enya vilivyoongezeka havipungui siku dawa inapoisha.

Sindano inasalimika kwanini nayo ni homoni? Kwa sababu dozi yake ni kubwa, miligramu 150 kwa mara moja, na homoni yake ini lilikuwa tayari linaiondoa kwa kasi inayokaribia ile ya damu inayolipitia, kwahiyo ukiongeza vimeng'enya huongezi sana. Ila usipitilize tarehe ya kurudi. Kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa, CYP3A4 haina cha kuvunja pale.

Dada aliendelea na dozi akaimaliza mwezi wa tano, kipimo cha mwisho cha makohozi kikawa safi. Kijiti kilitolewa Machi hiyohiyo maana hakina kazi tena, na nikamtoa wasiwasi kwamba homoni kidogo iliyokuwepo mwanzoni haijulikani kuleta ulemavu kwa mtoto. Mtoto wa kike alizaliwa mwezi wa tisa, mzima. Mume yupo, alikuja hospitali na asali ya Sikonge na karanga kuwapa manesi. Mama mkwe bado anasema alichokuwa anasema, sina uwezo juu ya hilo. Baada ya kujifungua dada alikataa kijiti katakata, nikamueleza kwamba rifampisini imeshatoka mwilini miezi mingi na kijiti sasa kingefanya kazi kama zamani, akanisikiliza hadi mwisho akachagua sindano. Ni haki yake.

Ila siku ile ya kalenda, mume wake akiwa ameshasimama kuondoka, aliuliza swali ambalo mimi nilikuwa sijalifikia. Akasema mdogo wake wa kike ana kifafa, anakunywa fenobabitali tangu utotoni, na mwaka jana aliwekewa kijiti. Fenobabitali, kabamazepini na fenitoini, zote tatu zinaongeza vimeng'enya hivihivi, na tofauti na TB ya miezi sita hizi mtu anakunywa miaka na miaka. Nikamwambia asiiache dawa ya kifafa hata siku moja, hilo kwanza, na tangu leo watumie kondomu, alafu amlete. Walikuja Jumatatu. Kipimo cha mimba kikasoma hapana, akaelekezwa chumba cha uzazi wa mpango, na alhamisi yake akawekewa kitanzi cha shaba. Kwenye kadi yake nikaomba waandike kwa kalamu nyekundu dawa anayokunywa, juu kabisa, karibu na jina.